Alasiri ya Juu ya Kreni

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimemdanganya kipofu. Naandika hivyo hivyo, nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama mkwe kaniuliza nikivua buti mlangoni, kama anavyouliza kila jioni: Alasiri uliiwahi? Nikasema ndiyo, mama. Uongo mtupu! Nilikuwa kabini, juu ya kreni, nanyanyua nondo mpaka jua limezama. Kama jana. Kama miaka kumi na moja yote. Alasiri yangu huilipa nyumbani, usiku, imechoka kama mimi.

Zamani alikuwa akinitazama usoni, nami nasema kweli. Macho yake yalikwenda mwaka juzi, sasa amebaki na neno langu tu. Kaamini. Kasema: Alhamdulillahi mwanangu, basi niombee na mimi, maana ya wakati wake ina uzito. Nimeona aibu mpaka sahani nimeirudisha jikoni.

Basi. Siku thelathini, Alasiri ndani ya wakati wake. Halafu naweza kumjibu mama wa marehemu mume wangu bila uongo.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya kwanza. Saa tisa na nusu nimeshuka. Ngazi mia mbili na kumi, goti langu limezihesabu zote. Nimeswali nyuma ya rundo la mbao, nimepanda tena. Dakika arobaini kasoro!

Fomeni, mkuu wetu wa kazi, mwekundu kama tofali. Eti watu ishirini wamesimama wakinitazama mimi nikishuka kama kinyonga. Kesho nikishuka tena nisipande. Nikamwambia maji nimeshayavulia nguo. Akasema yaoge kwako.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jana nimeshuka. Leo pia. Kesho sina ujanja — Fomeni kaandika barua ya kunifukuza, imebaki kuitia sahihi.

Lakini! Nyuma ya kabini kuna kile kijia cha chuma cha mafundi wa kupaka grisi. Kina reli pande zote. Nimekipima kwa mkeka: unaenea, na sijida inaingia. Tatizo kibla. Kijia kinaelekea kinakoelekea kreni.

Nimecheka peke yangu huko juu kama mwendawazimu. Kreni si inageuka?

Ijumaa, 10 Oktoba

Imewezekana! Saa kumi kasoro, ndoano tupu, nikaigeuza kreni nzima, tani na tani za chuma, mpaka kijia kikatazama kibla. Breki. Mkeka. Rakaa nne. Dakika saba.

Kidole, mpiga ishara wangu wa chini — tunamwita hivyo kwa kuwa anaongea kwa vidole kuliko mdomo — kauliza kwenye redio: Shangazi, unamnyanyulia nani huko? Nikamwambia najinyanyua mwenyewe. Fomeni katazama saa yake. Barua kaikunja.

Mchana, baada ya sala ya Ijumaa, nilikuwa nimemfuata sheikh. Nikamwaga yote, na uongo wangu nikautaja. Kaniambia kazi ya watu isiyoachika ina ruhusa yake: siku nikijua tangu asubuhi kwamba sitatoka, niiswali Alasiri mapema, pamoja na Adhuhuri. Si kila siku. Ruhusa ni mkongojo, kasema, si mguu. Lakini Alasiri haisogezwi mpaka Magharibi, hilo nisahau. Na roho ya mtu ikiwa hatarini, iokoe kwanza, sala ingoje.

Nikamuuliza jambo la kijinga. Mimi niko juu sana, adhana ya Magharibi ikiadhiniwa chini bado naliona jua kidogo. Nihesabu lipi? Kacheka mpaka kofia ikakaa upande. Uliyeko juu, jua lako ni hilo unaloliona. Ukiwahi rakaa moja kabla halijazama, Alasiri umeiwahi. Ila hiyo dakika isiwe mtaji wako, mama!

Jumanne, 21 Oktoba

Siku ya kumi na tano. Zote kumi na tano! Sasa Kidole ndiye ananikumbusha: Shangazi, geuza meli. Jioni mama mkwe kauliza, nikajibu ndiyo kwa sauti mpaka jirani kasikia. Mama kasema sijauliza jirani.

Jumanne, 28 Oktoba

Kesho ni zege la sakafu ya juu. Zege halisubiri, likianza kumwagwa halikatwi, la sivyo linashikana vibaya. Fomeni — Fomeni mwenyewe! — kaja kuniambia: kesho hupati hata dakika moja, fanya mambo yako mchana. Mama mkwe naye: chukua ruhusa, mwanangu, Mola hakuombi goti lako.

Nimesema nitaona. Siku ishirini na mbili kila Alasiri kwa saa yake, sasa nianze mkongojo? Zege litaisha saa kumi. Mimi si mgonjwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Naandika kabini. Daftari nimelipakata gotini, mwandiko uwe utakavyokuwa.

Mchana nimeswali Adhuhuri peke yake, bila Alasiri, nikakunja mkeka. Sheikh alishasema, Fomeni kasema, mama kasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa bovu tangu zamani. Kiburi. Nakiita kwa jina lake.

Gari la zege la tatu limechelewa saa nzima. Saa kumi tunamwaga. Saa kumi na moja tunamwaga. Na upepo ukaanza, kijiani hakutokeki tena. Nikasema nitaswali hapa kitini, kwa ishara, likipatikana pengo. Halikupatikana.

Kisha adhana ya Magharibi kutoka chini. Nikatazama: jua langu bado lipo, limebaki ukucha. Na mimi nina ndoo ya zege ya mwisho inaning'inia, chini yake watu wanne na Kidole. Redioni: Shangazi, shikilia hapo hapo, mmoja kateleza, usishushe! Nimeshikilia. Wallahi sijawahi kushikilia kitu namna ile. Macho kwenye ndoo, jua linanichoma pembeni mwa jicho, linapungua, na sikuthubutu hata kupepesa. Kuswali huku chuma kinabembea juu ya vichwa vya watu — hiyo si sala, huo ni uuaji.

Wamemvuta. Nikashusha. Kidole kasema safi.

Nikageuka kitini kuelekea kibla. Takbira nimeitoa uzi wa jua upo, huo naapa. Nikasoma. Rukuu kwa kichwa. Sijida mbili kwa kichwa. Na katika sala macho yanatazama chini. Sikutazama nje. Ningetazama, ningejua, lakini ningekuwa naswali nini? Nilipotoa salamu mbingu ilikuwa imeshafumba.

Rakaa moja niliipata kabla? Sijui. Hakuna anayejua. Walioko chini, kwao jua lilizama na adhana. Hili la kwangu nimeliona mimi peke yangu, duniani kote. Nikisema niliwahi, hakuna mtu wa kunibishia. Hata siku ishirini na tatu zinabaki nzima, zimetimia, safi.

Magharibi nimeshaiswali. Upepo umetulia. Kidole anasema shuka, Shangazi, watu wamekuwekea chai. Yule aliyeteleza ananipungia mkono, na mwingine kaketi tu juu ya ndoo tupu.

Simu inatikisika mfukoni. Mama. Hajawahi kungoja mpaka nivue buti nikichelewa. Najua swali lake, najua na Alhamdulillahi yake itakavyokuja baada ya neno moja tu, dogo, rahisi.

Imekata. Inaita tena.

Haya, mama. Leo utanisikia nikisema sijui.