Mstari Uliolala Ukutani

KITUO CHA POLISI, SYLHET
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Moinul Hoque Talukdar. Umri: miaka 44. Kazi: fundi wa umeme na kompyuta, shirika la kutafutia wagonjwa damu. Makazi: Subid Bazar. Elimu: darasa la nane, mengine nimejifunza kwa kushika.

Mjini humu hakuna jenereta iliyowahi kunigomea, na Dubai nimekaa miaka sita, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Mnamo tarehe 3 Agosti, mhandisi wetu Bi Rehnuma Sultana aliweka programu ya kupima mwendo wa seva yetu, ile yenye tovuti ambako watu hutafuta wachangia damu. Kila sekunde 60 programu hiyo hujifanya mgonjwa: hutafuta damu kwenye orodha nzima, kisha hupima seva imejibu baada ya muda gani. Majibu huchorwa kama mstari kwenye skrini ya ukutani. Aliniachia nywila yake akanionya, "Kaka Moinul, wewe angalia tu. Namba usiguse." Nikamjibu kwamba mikono hii imefungua injini za meli. Ni kweli, mbili.

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa 3:40 asubuhi, tulingojea wageni kutoka Dhaka. Rehnuma alikuwa na ruhusa, amempeleka mama yake kliniki. Mkurugenzi, Bwana Khondokar, akatazama skrini. "Mbona mstari umelala kama maiti? Wageni watadhani hatufanyi kazi."

Nikaingia kwa jina la Rehnuma. Palipoandikwa 60 nikaweka 1. Nikaiwasha programu hiyo kwenye kompyuta zote tisa. Mstari ukacheza kama uko harusini. Mkurugenzi alinipigapiga bega, wageni wakapiga picha, nami nikasimama katikati.

Saa 4:25 seva ilielemewa ikazima. Huu ni msimu wa dengi, homa ya mbu inayofanya wagonjwa wengi wahitaji damu. Simu ziliita mpaka nikaogopa kuzishika. Saa 6:10 nilizima kompyuta zote tisa, tovuti ikarudi. Hapo nikaelewa. Nikanyamaza.

Polisi walipoitwa walikuta maombi yote yaliyoielemea seva yamepitia jina la Rehnuma, na wiki ile alikuwa amegombana na mkurugenzi. Alasiri walimkamata kwa kuishambulia seva.

Jana saa 7 mchana nilimpelekea chakula mahabusu, nikiwa nimepanga kumwambia. Akanitangulia: "Umekula wali, kaka?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akasema macho yangu yamevimba, nipunguze chai. Nikaondoka bila kusema.

Leo tarehe 11 nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Dada huyu hana kosa. Aliyebadilisha namba ni mimi, kwa kupenda sifa.

Niliyo nayo ni hayo. Nimeyasoma mwenyewe na hakuna aliyenisukuma.

Sahihi: M. H. Talukdar

Yameandikwa nami, Mkaguzi Msaidizi Biplob Deb, saa 5:15 asubuhi. Nyongeza ya baadaye: Bi Rehnuma ameachiwa saa 8:30 mchana. Shahidi amezuiliwa kwa mahojiano zaidi. Bi Rehnuma ameambiwa aende nyumbani. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, anasema anamsubiri kaka yake.