Ukuta Nimeubomoa Mwenyewe

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na ukishindwa kujizuia, cheka tu, hata dada yangu amecheka mpaka akakaa chini. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo kando ya barabara, na mwaka huu dereva wa lori la mchanga, amelewa chakari, aliingia na lori lake ukutani kwangu, bahati nzuri hapakuwa na mteja kitini na mimi nilikuwa uani naanua mataulo. Mahakamani nilitaka afungwe mpaka aote mvi, lakini hakimu akasema ni kosa lake la kwanza, akampa kifungo cha nje: asiguse usukani, aache pombe, ahudhurie kikundi cha wanaoacha ulevi, na ukuta wangu aujenge upya kwa mikono yake, afisa wa mahakama akimsimamia na mimi nikisema kama nimeridhika, akikiuka, jela.

Basi mshauri, mwanzoni sikumpa hata maji ya kunywa. Baadaye nikampa maji. Halafu nikajikuta napaka wanja kabla ya kufungua saluni. Mtu huyu akiwa hajalewa ana haya, anaongea polepole, anawaomba radhi wateja kwa vumbi, na siku moja akaniambia kule kwenye kikundi wanafundishwa kusema ukweli hata ukiwaumbua, kwa hiyo aseme tu kwamba anapenda kunisikia nikiimba na ndiyo maana anapanga matofali taratibu. Nilimsuka mteja upande mmoja mistari inakwenda mbele, upande wa pili inarudi nyuma.

Kisha akasema zimebaki safu mbili tu amalize. Nikaona dunia imeniishia. Jumapili saluni imefungwa, saruji bado mbichi, nikachukua nyundo nikaangusha alichojenga, nikasingizia upepo. Akajenga tena, nikaangusha tena. Sasa afisa amekuja kukagua, amekuta matofali chini, anaamini mtu wangu amerudia chupa, na Ijumaa anamrudisha kwa hakimu. Na yeye, mshauri, alikaa anaitazama mikono yake, akaniambia, "Sijaonja hata tone, lakini labda pombe ilishaniharibu na mimi sijui." Nikamwambia pole, basi. Nikisema ukweli si nitafungwa mimi? Na je, atanipenda?

Msusi Mwenye Nyundo

Msusi,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Nilipofika pale anapoitazama mikono yake, kicheko kikakatika. Unaelewa ulichofanya? Mtu anapambana na chupa kila asubuhi, anaishinda, halafu wewe unamfanya aamini kwamba ameshindwa. Mapenzi gani hayo ya kuvizia na nyundo Jumapili?

Usingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma hapa funga saluni, hata kama kuna kichwa kimesukwa nusu, umtafute yeye kwanza na umwambie, "Ni mimi niliyeubomoa." Asije akayasikia kwa mara ya kwanza mahakamani. Kutoka hapo nenda kwa afisa, na Ijumaa usimame mbele ya hakimu urudie yote. Utagombezwa, na huenda zaidi ya kugombezwa, siwezi kukudanganya. Vumilia. Atakayekwenda jela kwa sababu ya ukimya wako hatakuwa na wa kumlalamikia. Na hayo matofali uliyoyaangusha, uyabebe wewe.

Kuhusu kupendwa, tuliza moyo, dada. Mtu ambaye neno lako moja linaweza kumpeleka jela hana uhuru wa kukukataa, kwa hiyo wala hujui anapokusifia anasifia nini. Mwache amalize, useme umeridhika, kifungo chake kiishe. Baada ya hapo hakuna hakimu wala afisa atakayemwamuru aje kwako. Akitokea mlangoni siku hiyo, mkaribishe ndani.