Fundi Othmar, Ukurasa Ule Haukuwa wa Ziwa Letu

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza Kitura, kando ya mibuni uliyoipanda mwenyewe, katika kaburi lililochimbwa na vibarua. Tunaanza na hilo kwa sababu watakaosoma hapa wanajua maana yake. Ulichimbia watu makaburi tangu ujana wako, lakini siku yako majirani hawakushika jembe.

Ninayeandika ni mimi Getrude, binti yako wa kwanza, kwa niaba ya Mama na wadogo zangu Victor na Lidia.

Ulikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Msimu ukifika, watu walibisha hodi hujanywa hata chai. Hukukubali kahawa ya mtu ichachie kwenye ndoo kwa sababu ya kifaa kilichokatika. Jioni ulinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, ukakagua kucha mojamoja, ndipo ukashika vitabu vyako.

Vilikuwa vitabu vya meli zilizozama. Cha kwanza alikupa padri mmoja wa Kigonsera aliyekuwa akifungasha mizigo kurudi kwao, ulipokwenda kumtengenezea jenereta. Vingine ulivitafuta Songea na kwenye meza za vitabu vya mitumba Dar es Salaam, hadi vikafika arobaini na kimoja. Ni vinene, vya marejeo: jina la meli, mwaka, nahodha, shehena, kina cha maji. Ulivisoma na kamusi pembeni, wewe usiyejua kuogelea, uliyekataa kupanda hata mtumbwi.

"Baba, dhahabu iko wapi?" tulikuuliza tukiwa wadogo.

Ulifungua popote, ukasoma. "Makaa ya mawe. Chumvi. Magunia ya mchele." Ukacheka. "Wanangu, meli nyingi zimezama na vitu vya dukani."

"Sasa unasoma nini?"

"Nasoma kilichoharibika. Ni ufundi uleule."

Baba mdogo Joakim, mdogo wako wa tumbo moja, hakuelewa hilo, au hakutaka kuelewa. Alikaa kilabuni akawaambia watu kwamba kaka yake anazo ramani za mali ya Mjerumani iliyozama ziwani. Maneno yakasafiri. Mwezi wa tatu mwaka jana wakaja wanaume wawili na gari la kukodi, wamevaa vizuri, wana heshima ya mdomoni. Walikuamkia shikamoo mara mbili mbili.

Uliwaambia ukweli. Mama alikuwepo, alisikia. "Katika vitabu vyangu vyote, ziwa letu halina hata mstari mmoja wa dhahabu."

"Mzee, usitufiche."

"Ningekuwa naijua dhahabu, paa hili lingekuwa linavuja?"

Hapo ungewasindikiza, Baba, tusingekuwa tunaandika haya. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa kitako kukusikiliza habari za vitabu vyako. Sisi wenyewe tulikuwa tunapiga miayo. Wale wakakusikiliza saa tatu nzima, nawe ukanogewa. Ukawaonyesha mchoro wa ghuba moja ya Ureno yenye visiwa viwili mdomoni, ukasema, "Tazameni, inafanana na Mbamba Bay ya ziwa letu!" Wakaomba kitabu kwa siku moja wakapige picha. Ukawapa. Tunakulaumu kwa hilo, na tunakulaumu tukiwa tunakulilia.

Kitabu hakikurudi. Walichana ule ukurasa wakashuka nao ziwani. Wakawaonyesha watu mchoro na jalada lenye jina lako, wakasema, "Fundi Othmar wa Mbinga amethibitisha." Wakampata Elias, mvuvi hodari wa kupiga mbizi, baba wa watoto wawili. Walimfunga kamba kiunoni. Alizama mara nne, akapanda na mawe. Mara ya tano kamba ilirudi peke yake. Wenye gari waliondoka siku hiyohiyo, hata kabla mwili haujapatikana.

Uliposikia, ulipanda basi ukaenda msibani. Mama alikuzuia, hukusikia. Mama yake Elias, Restituta, alikumwagia maji ya vyombo mbele ya waombolezaji. "Umemtoa mwanangu kafara kwa vitabu vyako! Toka!" Joakim alikuwa amekwenda nawe. Aliyajua yote, tangu kilabuni. Alitazama chini, hakusema neno. Ulirudi Mbinga na shati lililolowa, ukamwambia Mama mvua imekukuta njiani.

Basi ukawa mtoa kafara. Msimu ule hakuna aliyeleta mashine. Vifaa ulivyochonga vikakaa kwenye debe. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika, Mama alipanga viti kumi na minane, wakaja watu watatu, na mmoja wao alikuwa mgeni asiyejua habari. Uliviweka viti mwenyewe ndani, kimojakimoja. Presha ikapanda, upande wa kulia ukakataa, na mwezi wa kumi na moja ukatutoka.

Siku ya arobaini Victor alibeba vitabu nje avichome. Mama alimnyang'anya kiberiti. "Baba yenu hakuua mtu. Virudisheni ndani." Tukavirudisha, ila kwa kweli, Baba, hatukuwa na uhakika. Utusamehe. Watu wakisema sana, hata mwana huanza kumtazama baba yake vingine.

Mwezi wa nane mwaka huu alikuja mwanamke na kopo la usipa, dagaa wa ziwani, kichwani. Alijitaja kuwa ni mama yake Elias, Mama akashindwa kumkaribisha. Restituta akakaa chini mwenyewe, pale mlangoni.

"Dada, shati la Elias lilibaki kwenye mawe. Sikuweza kulifua mwaka na nusu. Juzi nimelitia majini, mfukoni kuna karatasi."

Ulikuwa ukurasa wako. Mpwa wake ambaye ni mwalimu alimsomea maandishi ya nyuma: ni meli iliyozama Ureno, shehena yake ngozi na mafuta ya taa. Elias hakujua Kiingereza. Walimtia ule mchoro mfukoni wakamwambia ndio mgodi wake.

"Mume wako alikuja kuniambia ukweli, nikammwagia maji," alisema. Akalia kilio ambacho mimi sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Mama naye akaanza. Lidia akachukua kopo, akaenda kuwasha moto.

Restituta alilala kwetu siku tatu, na Jumamosi akasimama mbele ya jumuiya akasema yote, karatasi mkononi. Watu wakainamisha vichwa. Walisali, wakaimba, wakaenda kuchuma kahawa. Hakuna aliyepita kwetu. Tulimwendea Joakim tukamwomba naye aseme ya kwake. Akajibu, "Marehemu hasikii. Mimi bado naishi na watu."

Mama alitaka jina lake liwemo kati ya wanaokukumbuka hapa chini. Tumekataa. Mama amelia, na bado tumekataa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Hilda, wanao Getrude, Victor na Lidia, wajukuu zako wanne, na Restituta, mama yake Elias, ambaye aliposhika mlango kuondoka aligeuka akasema, "Mkimwandika, niandikeni na mimi."

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii saa moja asubuhi, kisha tutakwenda kaburini Kitura. Kwa wale wote ambao mwaka jana walikuwa na shughuli: Mama amesema atawapikia. Sisi watoto tutawanawisha mikono. Zaidi ya hapo msitudai.

Hututoki moyoni, Baba, siku zote za maisha yetu.