Makabati ya Kimo cha Mama Mkwe

Shamsa, acha unachofanya usome hapa. Natoka kwa Evelina, Nyegezi. Makabati yake ya jikoni yamefungwa leo.

Unakumbuka alivyoringa kwa fundi Revocatus kule Igoma? Ya tayari hataki. Ya kuchagua rangi na milango tu, hataki. Anataka ya kutengenezewa kila kitu, kwa kimo cha mpishi.

Basi fundi anakuja kupima, Evelina yuko kazini. Anamkuta mama mkwe, mgeni kutoka Usagara, anakaanga sato. Akamuuliza, "Mpishi wa hapa nani?" Mama akajibu, "Kwani hunioni?"

Akampima mama mkwe, Shamsa. Mama mkwe. Yule anayeinama akipita mlangoni.

Sasa meza ya juu ya makabati inamfika Evelina kifuani. Kukata kitunguu tu anapanda kreti ya soda. Rafu ya juu haifikii hata na kreti.

Fundi anasema ya kutengenezewa hayarudi. Evelina anamgeukia mama mkwe: "Mama, si ungemwambia wewe ni mgeni?"

Mama anapanga sahani rafu ya juu, wala hanyanyui kisigino. "Nilikuwa mgeni, mwanangu. Nimeshampigia baba mkwe wako alete nguo zangu zilizobaki."