Amina ya Moyo Uliokufa Ganzi

Kasongo, Jumatano jioni

Sijalia hata leo. Ni siku ya tano tangu shimo la dhahabu libomoke kule Salamabila, mume wangu Kasimba akiwa ndani. Hata kuomba nimeshindwa.

Mchana wamama wa kanisa walikuja kuniombea. Nikamwambia kiongozi wao, Mama Faida, ukweli: "Mama, sina neno la kumwambia Mungu."

Hakunikemea. "Basi ukae tu, mwanangu. Sisi tutaomba, wewe utasema amina."

Nikasema amina, huku nikiwaza sombe, yale majani ya muhogo niliyoyaacha kwenye kinu.

Walikuwa hawajaondoka, motari mmoja akafika na pikipiki yake kutoka Salamabila, vumbi mpaka kwenye kope. "Mama, bwana yako iko muzima! Walimutoa juzi. Muguu tu ndio ulivunjika. Kesho wanamuleta."

Mama Faida alipiga magoti palepale uani, akalia. Mimi nikarudi kutwanga sombe.

Kasimba yuko hai, na bado sisikii kitu moyoni. Naogopa Mungu ataniona sina shukrani.

Nimetandika kitanda, nimeweka mto wa kuegemeza mguu wake. Kisha nikamwambia Mungu "asante" kwa sauti. Moyo haukushtuka. Lakini neno hilo nimelisema mwenyewe.