Jua Limetulia Tangu Jumanne

Jumanne, 6 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu: kila asubuhi, kabla ya kuangalia hali ya hewa ya Juba, naangalia ya Kitale. Tuliondoka Kitale mwaka juzi. Hatuna mtu kule. Nyumba yetu inakaliwa na watu wengine, na huenda hata wamepaka rangi nyingine. Lakini kwenye simu yangu Kitale ndiyo ya kwanza, na sijaibadilisha.

Leo Kitale: nyuzi kumi na nne, ukungu, mvua alasiri. Juba: thelathini na sita, hakuna mvua. Niliposoma ya Kitale nilihisi baridi ya sakafu ya jikoni kwenye nyayo. Kisha nikavaa sare nikaanza kutoka jasho.

Nikaendelea na mengine kwa mpangilio wa Baba. Vimbunga: kimoja, Pasifiki, hakielekei penye watu. Matetemeko: Indonesia, la wastani. Chile, dogo. Jua: lina madoa mapya upande wa kushoto. Bado hayajalipuka.

Baba ndiye aliyenizoesha. Kule Kitale alikuwa akimimina chai na kuuliza, "Haya, dunia imeamkaje?" Nami nilikuwa namsomea. Alisema anayechimba chini lazima ajue kinachoendelea juu. Yeye ni fundi wa visima. Tangu Machi yuko Nyalor, mashariki huko, jimbo la Jonglei, anachimbia shule kisima. Hakuna mtandao wa simu. Mama huondoka mapema kwenda uwanja wa ndege kupima mizigo. Kwa hiyo siku hizi najisomea peke yangu.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya redio. Kila Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi mimi na Mama tunatoka mtaani kwetu Gurei kwenda ofisi ya kanisa, mtaa wa Buluk, na kupanga foleni mbele ya redio ya mawimbi mafupi. Redio hiyo ndiyo njia pekee ya kuongea na walio mbali. Opio, Mganda, ndiye anayeiendesha. Katika foleni ile hakuna siri. Wiki iliyopita sote tulijua kwamba mume wa mtu amenunua mbuzi bila kumwambia mkewe.

Mbele yetu alikuwa jirani yetu Mama Keji. Mwanawe Wani ni msaidizi wa Baba huko Nyalor. Alimuuliza Wani kama anakula. Akamuuliza tena kama anakula. Muda ukaisha.

"Mama, wewe nauliza chakula tu," Opio akamwambia. "Kijana iko mzima. Mwingine!"

Mimi siwezi kuongea mbele za watu. Darasani nikiitwa naangalia dawati. Ila kwenye redio nafumba macho, naiona meza yetu ya Kitale, na maneno yanatoka. Sauti ya Baba ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Dunia imeamkaje? Ova." Ova ni kusema sasa zamu yako.

Nikampa kimbunga, nikampa Chile, nikampa madoa ya jua. Foleni nzima ikacheka.

"Ya bineiya, binti wee," Mama Keji akasema, "baba yako yuko porini, wewe unampa habari za Chile?"

Baba akasema asante, sasa ninaweza kufanya kazi, ova. Bado nina furaha ninapoandika hapa.

Jumamosi, 10 Mei

Jua limelipuka. Niliona asubuhi kabla hatujatoka: mlipuko mkubwa, kutoka kwenye madoa yaleyale, na Afrika yote iko upande unaolitazama. Ramani ilikuwa nyekundu mpaka kwetu.

Tulipofika Buluk, redio ilikuwa inavuma tu. Opio alijaribu Nyalor. Akajaribu vituo vingine. Hakuna. Foleni ikaanza kunong'ona. Mtu akasema huenda kuna vita mahali. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Nikasikia sauti ikisema, "Ni jua." Ilikuwa yangu.

Opio akanigeukia. "Jua? Jua iko juu, redio iko chini."

Watu wakacheka, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikaeleza kwamba mawimbi ya redio hii hupanda juu yakagonga anga na kurudi chini mbali, kama mpira unaodundishwa ukutani. Jua likilipuka, anga la juu linayanyonya. Vituo vyote vimenyamaza pamoja, kwa hiyo si vita, si ugonjwa, si mtu.

Opio akafikiri. "Eh. Sasa hii mtoto nasema kweli. Vyote pamoja." Akazima redio kuipumzisha.

Njiani Mama hakuuachia mkono wangu. Akasema, "Laiti baba yako angekusikia."

Jumapili, 11 Mei

Mama amewaambia watu wote kanisani. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Mama Keji ananiita Mwalimu Jua.

Mama alilala mchana, usingizi mzito, mdomo wazi. Tangu Baba aondoke hajalala hivyo.

Jumatatu, 12 Mei

Jua bado. Dhoruba yake imefika duniani, na katika nchi za kaskazini watu wanapiga picha za anga la kijani. Tetemeko Japani, hakuna aliyeumia. Kitale: mvua ya mawe.

Nilipoiona hiyo nikakaa kitandani bila kuvaa viatu. Nakumbuka mvua ya mawe iliyotupata mwaka wetu wa mwisho kule. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Baba alivaa koti lake la mvua la manjano, akatoka mbio kuokoa vifaranga vya jirani, akarudi na vitano mfukoni. Vililala kwenye sufuria ya ugali kando ya jiko. Mama aligomba kuhusu sufuria wiki nzima.

Koti hilo alikuja nalo Juba. Watoto wa mtaani wakamwita Bwana Ndizi. Alipokuwa akifunga mzigo wa Nyalor, Mama alimcheka, "Unapeleka koti kwenye jua lile?" Akalikunja akaliweka juu kabisa.

Nakumbuka sana. Sijui kama ni vizuri kukumbuka hivi.

Jumanne, 13 Mei

Jua limetulia. Madoa yamefifia. Vipimo vyote vimerudi kijani.

Sikumwambia Mama. Alikuwa anaimba akipiga pasi.

Jumatano, 14 Mei

Nimedanganya. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Jioni vituo vyote viliingia, safi kabisa. Mume wa yule mwanamke ameuza mbuzi. Zamu yetu ilipofika Opio akaita Nyalor, akaita tena, akaita mpaka akainuka kitini. Mvumo tu. Nyalor peke yake.

Akanitazama. Najua alijua kwamba si jua. Mtu hawezi kukaa na redio miaka yote hiyo asijue. Lakini aliniuliza polepole, kama anayemshikia mtu mlango:

"Mwalimu, bado jua?"

Mama alikuwa ananiangalia. Mama Keji alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Bado."

"Haya, bado jua," Opio akasema, akaangalia chini.

Njiani Mama akasema kitu ambacho sikuwa nakijua. Kesho ni Alhamisi, siku ya ndege ndogo ya kanisa inayokwenda mashariki. Yeye ndiye anayepima mizigo yake na anafahamiana na rubani. Alikuwa amepanga kumwomba apitie juu ya Nyalor atazame. Lazima amwambie asubuhi, kabla hawajajaza mafuta, kwa sababu njia hiyo ni ya kuzunguka. Baada ya hapo ni mpaka Alhamisi nyingine.

"Lakini kama ni jua tu," akasema, "sina haja ya kumsumbua mzee wa watu."

Kutoka Buluk mpaka Gurei nilinyamaza. Siwezi kula. Mama anadhani ni malaria.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi. Nimemwambia.

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, chai yake iko mezani. Nilikuwa nimejiandalia sentensi nzuri. Nilichosema ni, "Mama, jua limetulia tangu Jumanne."

Mikono yake ikabaki kichwani.

"Jana ukaniambia bado."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu ulikuwa umeanza kulala.

Sikutegemea alichosema. Hakupaza sauti. "Poni, kila mtu ananidanganya ili nisiumie. Baba yako pia, kwenye hiyo redio, kila mara eti yuko mzima. Wewe ndiye niliyekuwa nakuamini." Akachukua mkoba akatoka. Hakunywa chai. Nilimsikia akimwita mtu wa bodaboda kwa sauti ambayo siijui.

Mchana. Shuleni. Naandika nyuma ya maktaba wakati wa mapumziko. Sijui kama alimwahi rubani.

Nimegundua kitu kingine, na ni kibaya kuliko uongo. Tangu Machi nimeangalia Kitale kila siku. Nimeangalia Pasifiki, Chile, Japani. Nimeliangalia jua lenyewe. Nyalor sijaiangalia hata mara moja. Nilijiambia haimo kwenye orodha ya miji. Ni kweli haimo. Lakini unaweza kugusa ramani kwa kidole, mahali popote, ikakuambia. Nilikuwa najua hivyo siku zote.

Nimegusa. Jana radi. Juzi radi. Inarudi nyuma mpaka Ijumaa ile, kabla ya mlipuko wa jua: radi na upepo mkali, na mvua ambayo Juba hatujaiona mwaka huu. Wiki nzima baba yangu alikuwa chini ya dhoruba na mimi nilikuwa nasoma mvua ya mawe ya nyumba isiyo yetu.

Kengele imelia. Naona aibu.

Jioni. Mama amerudi. Alimwahi rubani.

Alikaa uani kwanza, akavua viatu, akaomba maji. Nilimpa. Akaniita nikae. Mama Keji alikuwa ameshaona bodaboda na alikuwa anakuja bila kubisha hodi.

Rubani alipita. Kiwanja cha ndege cha Nyalor ni maji matupu, hakuna pa kutua. Mlingoti wa redio umelala chini, na kibanda chake kimeungua upande mmoja. Radi, alisema. Watu wamehamia kwenye kilima cha shule, penye jukwaa la tangi la kisima. Alizunguka mara ya pili, chini zaidi. Watu wakampungia. Juu ya jukwaa alisimama mwanamume mrefu, amevaa koti la mvua la manjano, anapunga kwa mikono yote miwili. Kando yake kijana anapunga sahani.

"Sahani?" Mama Keji akauliza.

"Sahani, dada," Mama akajibu. "Ya bati, inang'aa."

Mama Keji akakaa chini kwenye udongo akacheka mpaka akalia. "Huyo Wani! Huyo ni Wani. Nimemuuliza kama anakula, sasa ananijibu!"

Mama hakucheka. Alisema mara nyingi, "Koti lile. Koti lile." Kisha akainama akanivuta kichwa changu magotini kwake, kwa nguvu, karibu aniumize. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Mama ananisemesha kwa mambo ya nyumbani tu. Kaanga vitunguu. Anua nguo. Ni haki.

Jumamosi, 17 Mei

Tulikwenda Buluk ingawa Nyalor haina redio. Mama alisema foleni ni foleni. Redio mpya itakwenda na ndege siku kiwanja kitakapokauka.

Nilimwambia Mama Keji kwamba Jumatano nilidanganya. Nilisema mbele ya wote maana hakuna mahali pa kujificha pale. "Nilijua," akasema. "Uso wako haujui kudanganya, ya bineiya. Lakini nilitaka iwe jua." Opio akasema kwamba hata yeye alitaka iwe jua, na sasa mwingine, mwingine, muda inakwisha.

Tulirudi. Mvua ndogo ilipita Gurei, harufu ya vumbi lililolowa ikaingia ndani. Ilikuwa karibu kama Kitale, lakini si Kitale. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Bila kuinua macho akauliza, "Kiwanja kitakauka lini?"

Hajawahi kuniuliza hali ya hewa.

Nikafungua simu. Nikamwambia kesho radi moja, jioni. Jumatatu mawingu. Jumanne na Jumatano jua, upepo mwepesi wa kusini. Nikasema sijui udongo wa kule unakunywa maji kwa kasi gani, kwa hiyo sina hakika ya Alhamisi.

"Huna hakika," akasema.

"Sina, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mchele.

Kisha nikagusa ramani mahali alipo Baba, nikapaandika jina, nikapaweka pa kwanza. Juba ya pili. Kitale sikuifuta, niliishusha tu. Nikaiweka simu kwenye chaji, nikaenda kumsaidia Mama kuchagua mawe.