Mtaa wa Kulala Bibi

4 Machi

Wewe mtoto,

Nani kakwambia mimi mtalii? Salamu zitangoja, kwanza nikuseme. Umeniandikia kurasa mbili nzima za mitaa ya mjini: huu una bustani, tena ni kimya, ule una nyumba ya wageni yenye shuka nyeupe. Nakuja kupasuliwa jicho, siji kunusa maua! Na mtaa unaokaa wewe mbona hukuutaja?

Haya, hujambo? Mimi mzima, ila jicho la kulia limeshafunga duka. La kushoto linaona kwa kubembelezwa. Ndilo watakalopasua, daktari kasema huenda likapona, huenda likamfuata mwenzake.

Bibi yako

11 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, mimi sijambo. Usikasirike. Kwangu ni mbali na hospitali, na choo kinatengenezwa. Nimeshakuwekea chumba mtaa wa bustani. Nitakuja kukuona kila nikitoka ofisini.

Mjukuu wako

17 Machi

We muongo,

Umeamkaje? Ofisi gani hiyo inayorusha cheche? Miaka mitatu unaniletea mashati nikutilie viraka. Matundu madogomadogo, kingo nyeusi, yote kifuani na mikononi. Unadhani nilikuwa nayashona nimefumba macho? Babu yako alichomelea vyuma mpaka anazeeka, na matundu hayo niliyaziba mimi. Nikasema moyoni, mzigo wake huo, atautua akichoka.

Sasa utue.

Bibi yako

9 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Barua hii nimeichana mara tatu.

Ni kweli. Ofisini walinipunguza zamani. Nachomelea mageti, na nalala chumba kimoja nyuma ya karakana. Bati linavuja, ndoo iko katikati. Kelele kutwa. Bibi, kama jicho halitapona, sikutaka chumba hiki kiwe kitu cha mwisho ulichokiona.

Mjukuu wako

13 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimekusoma kwa jicho hilo hilo moja, nikapumzika njiani mara mbili. Hujambo, baba?

Mjinga we. Maua nimeyaona ya kutosha. Wewe sijakuona ukiwa kazini hata siku moja. Cheche sitazitazama, nazijua ubaya wake. Nataka uso wako ukishavua ile miwani ya kazi. Babu yako akiivua alikuwa na duara mbili safi, kwingine kote masizi, nami nikicheka yeye ananuna. Na wakishanifunga bandeji, huo mtaa wako wa kimya si nitadhani nimeshakufa? Kelele zenu ndizo zitanijulisha niko kwa mwanangu.

Nafika Jumatatu, napasuliwa Alhamisi. Kale kachumba ka bustani kafute. Njoo kituoni na nguo zako za kazi, usinivalie tai. Ndoo isogeze, kitanda kiweke karibu na dirisha. Na mashati yote yenye matundu, yote, usinifiche hata moja, yapange juu ya kitanda pamoja na sindano na uzi mweusi. Nataka niyamalize kabla ya Alhamisi.

Bibi yako